Kuta za nyumba za pwani: zioshwe mara ngapi?

Umeuliza kama nyumba ya Tanga inahitaji kuoshwa nje kila miezi mitatu, kama fundi alivyokwambia. Hapana. Mara moja kwa mwaka inatosha, na wakati wake ni Juni kuelekea Julai, masika yakishakatika na kusi inakausha. Ukiosha Machi, mvua inaukuta ukuta bado una unyevu na ukungu unaota upya.

Ubavu usiopata jua, hasa ulio chini ya mwembe, huenda ukahitaji mara ya pili kabla ya vuli. Pitisha kiganja: kikitoka na ukijani unaoteleza, osha. Doa jeusi litilie tone la jiki. Likififia ndani ya dakika moja au mbili, hiyo ni kuvu. Likibaki vilevile ni vumbi au moshi, na sabuni inatosha.

Kwa kuvu, changanya kopo 1 la jiki na makopo 3 ya maji, tia sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike ukutani. Lowesha mimea kwanza. Pulizia kwa bomba la mgongoni ukianzia chini kwenda juu, kwa sababu dawa inayotiririka kwenye ukuta mkavu huacha michirizi. Ngoja dakika 10 hadi 15 bila kuiacha ikauke, sugua kwa brashi laini, kisha suuza kutoka juu kushuka. Vaa miwani na glavu. Tafadhali sana, usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Inatoka gesi ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu.

Mashine ya presha mimi siipendekezi. Inasukuma maji kwenye nyufa za lipu, na baada ya siku chache doa linatokea chumbani. Kuta za mawe ya matumbawe zenye chokaa ndizo zinazoumia zaidi: chokaa kinachimbika.

Unga mweupe chini ya ukuta ni chumvi. Usiumwagie maji, inayeyuka na kurudi ndani ya lipu. Kwangua kwa brashi kavu.

Doa likirudi palepale baada ya miezi miwili, weka brashi chini utafute maji yanakotoka: gata iliyoziba, bomba la kiyoyozi linalodondokea ukutani, au udongo wa bustani uliorundikwa ukutani. Udongo huo ushushe hadi sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu.