Maswali ya Wasomaji: Bangili za Shaba za Waedo

SWALI: Ndugu Mhariri, katika picha za makumbusho moja ya Ulaya niliona bangili pana za shaba, ndefu karibu kufunika nusu ya kigasha, zenye nakshi za vichwa vya watu na samaki. Maelezo yalisema tu: "Bangili, Benin." Je, zilivaliwa kweli au ni mapambo ya kuweka ndani? Na kwa nini nchi ya Benin haizidai? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na swali lako la mwisho, kwa kuwa wengi hulikosea. Benin inayotajwa hapo ni ufalme wa Waedo, ambao makao yake ni Benin City, kusini mwa Nigeria. Jamhuri ya Benin, jirani yake wa magharibi, iliitwa Dahomey hadi mwaka 1975. Kwa hiyo madai yanatoka Nigeria, na hasa katika kasri la Oba, mfalme wa Waedo.

Bangili hizo zilivaliwa, na hadi leo bangili za namna hiyo ni sehemu ya mavazi ya sherehe ya watemi wa Benin. Mtemi anapokwenda mbele ya Oba huvaa kitambaa kipana kilichofungwa kiunoni, shanga nyekundu za marijani shingoni, bangili mikononi, na hushika upanga wa heshima uitwao eben, wenye bapa pana mfano wa jani, ambao huuzungusha hewani anapocheza kumtukuza mfalme. Oba mwenyewe, katika sherehe ya Emobo, moja ya zile za mwisho wa mwaka, huvaa bangili za pembe za ndovu. Umbo lake la mrija unaobana mkono lina kazi: huzuia nyuzi za marijani zilizotanda mwilini mwake zisinaswe wakati anapocheza. Bangili iliyolazwa peke yake ndani ya kabati la kioo haiwezi kukueleza jambo hilo, na kwa maoni yangu maelezo ya maneno mawili kama uliyoyasoma yanamdhulumu mtazamaji na pia mwenye mali.

Shaba ya manjano haikuchaguliwa kwa urahisi wake. Kwa Waedo ni madini yasiyooza wala kuliwa na kutu, kwa hiyo yanafaa kuonyesha mamlaka yanayodumu, na mng'ao wake, ambao wao huuona kuwa mwekundu, huaminika kufukuza mabaya. Waliopewa kazi ya kuiyeyusha ni wahunzi wa chama cha Igun Eronmwon, ambao warithi wao wangali wanafanya kazi katika mtaa wa Igun mjini Benin City. Fundi hutengeneza kwanza kiini cha udongo, akakifunika kwa nta na kuchora nakshi zote katika nta hiyo, kisha huifunika kwa udongo laini na baadaye udongo mzito zaidi. Udongo ukichomwa, nta huyeyuka na kutoka, na shaba ya moto humiminwa mahali ilipokuwa. Ili kuitoa bangili ni lazima kuvunja kalibu, ndiyo maana hakuna mbili zinazolingana kabisa.

Vichwa ulivyoviona, ikiwa vina nywele ndefu zilizonyooka, ndevu na kofia, ni vya Wareno, waliofika Benin katika miaka ya 1480. Walikuja kwa njia ya bahari wakiwa na bidhaa za thamani, zikiwemo pete nzito za shaba zilizotumika kama fedha, na nyingi kati ya hizo ziliyeyushwa na kuwa kazi za sanaa. Kwa hiyo walihusishwa na Olokun, mungu wa bahari na utajiri. Samaki wa matopeni, anayeweza kukaa majini na kwa muda nchi kavu, naye ni alama ya Olokun, na pia ya mfalme, ambaye mamlaka yake yanagusa ulimwengu wa watu na wa mizimu.

Zilifikaje Ulaya? Mwezi Februari 1897 jeshi la Uingereza liliuvamia na kuuteka mji, likachukua maelfu ya vitu kutoka kasrini, na Oba Ovonramwen akahamishiwa Calabar, alikofariki mwaka 1914. Tangu mwaka 2022 vimeanza kurudi: Ujerumani ilikabidhi vitu 20 mwezi Desemba mwaka huo, na Uholanzi 119 mwaka 2025. Mwezi Machi 2023 serikali ya Nigeria ilimtambua Oba kuwa mwenye mali hizo.

Ukitaka kuziangalia zaidi, fungua hifadhi ya Digital Benin katika intaneti, ambayo ilipozinduliwa mwaka 2022 iliorodhesha vitu 5,246 vilivyokuwa katika taasisi 131 za nchi 20. Baada ya kutazama bangili, tafuta humo mabamba ya shaba yaliyokuwa yakipamba nguzo za kasri, kwa kuwa juu yake watemi wamechorwa wakiwa wamezivaa, na utaona jinsi zilivyokaa mkononi pamoja na marijani, upanga na kitambaa.