Goti linauma, mtoto yupo: msilipie mlango wa dharura

Dada, pole kwa goti la shemeji. Umeuliza kama mlipie viti vya ndege vya safu ya mlango wa dharura Desemba ili shemeji anyooshe goti, mkae pamoja na mtoto wenu wa miaka minne. Msilipie. Anayekaa pale lazima aweze kuufungua mlango na kusaidia wengine kutoka, kwa hiyo watoto, wajawazito na wenye shida ya viungo huhamishwa hata kama wamelipa. Shemeji akionekana anachechemea, ataondolewa naye.

Hata viti vyenyewe vina kasoro. Meza mara nyingi hutoka ndani ya mkono wa kiti, basi mkono haunyanyuki na kiti kinabana nyonga. Mkoba wa mtoto haukai miguuni ndege ikiruka au ikitua.

Mtafutie shemeji kiti cha kando ya njia, nanyi mkae safu hiyohiyo. Goti la kulia likiuma, njia iwe kuliani kwake ili alinyooshe, ila alikunje mikokoteni ya chakula ikipita. Angalieni pia nafasi kati ya safu: daraja la kawaida huwa takriban inchi 28 hadi 32, na kwa mtu mrefu hata inchi mbili ni nyingi sana. Chagueni viti mapema, Desemba vinaisha haraka.