Beaucastel: mmeuliza, najibu

Niligusia tu Château de Beaucastel, ile waini nyekundu ya Châteauneuf-du-Pape kusini mwa Ufaransa, basi inbox ikajaa. Nimechagua maswali machache, mengine yalikuwa yanafanana.

*Papa anahusikaje na pombe jamani?*

Mapapa walihamia Avignon, mji wa karibu na hapo, kuanzia mwaka 1309, na Papa Yohane XXII ndo akajenga kasri la kupumzikia pale kijijini Châteauneuf-du-Pape (yaani kasri jipya la Papa), jina likabaki hapo hapo. Lakini usichanganye mambo, kasri la Papa saa hizi ni magofu, na Beaucastel ni shamba jingine kabisa upande wa Courthézon, lilinunuliwa 1909 na Pierre Tramier, akafuatia mkwewe Pierre Perrin, na mpaka leo ni la ukoo wa Perrin.

*Bro, nimesoma eti wanachanganya zabibu aina 13 kwenye chupa moja. Si ni fujo hiyo?*

Ingekuwa fujo kama kila moja ingepewa nafasi sawa. Sheria za pale zinaruhusu aina zote hizo, ila wenye mashamba wengi wanategemea Grenache na mbili tatu za kusindikiza, Beaucastel ndo wameng'ang'ania kupanda zote 13, mpaka zile ambazo hata wauzaji waini hawazijui kama Muscardin na Terret Noir, na ndani yake kuna nyeupe pia, kidogo tu. Ila kinachoitofautisha kwa maoni yangu ni Mourvèdre. Wao wanaipa karibu asilimia 30, sawa na Grenache, na majirani wengi hawathubutu maana hiyo zabibu inachelewa kuiva na inataka jua la kutosha. Grenache inakupa utamu wa tunda na pombe ya kutosha, Mourvèdre inaleta ukali wa ganda, harufu ya nyama na ngozi, na ndo inayofanya chupa ikae miaka 20 bila kufa.

Na kila aina inachachushwa peke yake kwanza. Grenache inawekwa kwenye matangi ya zege yaliyopigwa vigae ndani kwa sababu hewa inaiharibu haraka, Mourvèdre na Syrah zinawekwa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni kwa sababu zenyewe zinataka kupumua. Kuchanganya kunakuja baadaye, wakishaonja zote.

*Ni kweli wanapika zabibu?*

Kupika hapana, wanazipiga joto. Zabibu zikishatolewa vikonyo, maganda yanapashwa kwa muda mfupi sana mpaka nyuzi kama 80 halafu yanapoozwa. Jacques Perrin ndo aliyeendeleza huo mtindo, lengo ni kuua vimeng'enya vinavyofanya juisi igeuke rangi ikikutana na hewa, hivyo wanapunguza matumizi ya salfa ya kuhifadhia waini. Huyo huyo mzee ndo aliwapeleka kwenye kilimo bila kemikali kabla haijawa fasheni. Alipokufa, wanawe wakamtolea waini yake, Hommage à Jacques Perrin, ya kwanza ni ya mavuno ya 1989, Mourvèdre imejaa humo, na bei yake tuiache tu.

*Mbona kuna watu wanasema chupa zake za zamani zinanuka zizi la farasi?*

Hawasemi uongo. Ni chachu inaitwa Brettanomyces, na mabishano juu ya Beaucastel za zamani hayajaisha mpaka leo, wengine wanaita kasoro, wengine ndo wanaitafuta hiyo hiyo. Mimi nasimama katikati, kidogo ni kiungo, ikizidi sinywi.

*Nasikia huko UFO zimepigwa marufuku, ni stori za vijiweni?*

Ni kweli kabisa! Mwaka 1954 meya wa Châteauneuf-du-Pape alitoa amri kwamba sahani za angani zisitue wala kuruka juu ya eneo la kijiji, na ikitua inakamatwa. Matangazo ya bure hayo, mzee alijua anachofanya.

*Dada, mfuko wangu hauruhusu. Nianzie wapi?*

Anzia Coudoulet de Beaucastel. Ni familia ile ile, shamba liko ng'ambo tu ya barabara kuu ya A7, nje kidogo ya mpaka wa Châteauneuf, kwa hiyo kwenye lebo inaandikwa Côtes du Rhône na bei inashuka sana. Mawe ya duara kama ya Châteauneuf, yale yanayotunza joto usiku, yapo huko pia. Kama hata hiyo ni nzito, hao hao wanatengeneza La Vieille Ferme, ile ya kuku kwenye lebo, ni ya kila siku, usiitegemee ikuoneshe Mourvèdre ni nini.

*Inanyweka na nyama choma? Na niipooze?*

Mbuzi choma, sana tu, au nyama ya kondoo iliyochemshwa taratibu, ila pilipili iwe kidogo maana pombe yake ni kali na inawasha zaidi. Na hapo kwenye joto sikiliza, wakisema inywewe kwenye joto la chumba wana maana chumba cha Ulaya, sio sebule ya Dar mwezi wa pili. Iweke friji nusu saa, ifungue, imimine kwenye jagi la glasi isubiri kama saa moja hivi kama ni changa. Kama ni ya zamani usiisumbue, mimina polepole na uache machicha chini.