Muulize Afande: Wa kukimbia na wa kujibanza, nani mkali?

Ukurasa huu unajibiwa na ofisa mstaafu wa polisi, mwanamama aliyefundisha shabaha hadi alipostaafu. Siku hizi analima zabibu Hombolo, Dodoma.

Shikamoo Afande. Mimi ni fundi aluminiamu hapa Kisasa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anakaa Nkuhungu na kila Jumapili akija kula tunamaliza bando kwa kutazama video za mashindano ya bastola. Yeye ni IPSC kufa na kupona, wale wanaokimbia huku wanafyatua. Mimi napenda IDPA, wanaovaa vizibao na kujibanza nyuma ya ukuta. Anasema watu wangu ni wazee wanaokwenda sokoni. Nami namwambia wake ni wacheza sarakasi, siku ya siku hawaponi. Mke wangu amechoka, anasema ama tukuulize wewe ama tukabishanie nje. Nani bora?
*Fundi, Kisasa*

Marahaba, Fundi. Mke wako amewavumilia sana. Jumapili moja mpelekeni akale nyama choma asipike.

Ubishi huu naujua. Nikiwa kazini nilipelekwa kozi ya wakufunzi nje ya nchi, tukapewa wenyeji wawili. Wa kwanza alikuwa mtu wa IPSC, fulana imejaa majina ya wadhamini hadi kwenye kola, mkoba wa bastola umekaa mbali na kiuno. Wa pili, wa IDPA, hakuvua kizibao chake cha mifuko mingi hata jua likiwa utosini. Yule wa fulana alimwita mwenzake Mvuvi, na kila asubuhi alimuuliza kama samaki wameuma. Mvuvi akamjibu kwamba bastola yenye darubini juu na bomba mdomoni haiwezi kwenda dukani bila kukodiwa gari. Jioni walikula meza moja, na risasi zikimpungukia mmoja, mwenzake alimwazima.

Ninachotaka mjue ni kwamba mnagombea nyumba moja. IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa bastola wa vitendo, lilizaliwa mwaka 1976 kwenye mkutano wa Columbia, Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Walichukua kaulimbiu ya Kilatini yenye mambo matatu: usahihi, nguvu, kasi. Mwaka uliofuata mashindano yao ya dunia yakafanyika Salisbury, ambayo leo ni Harare, kwa hiyo Afrika haikuchelewa kuusikia mlio huo. Baadaye vifaa vikaanza kubadilika. Bastola zikawekewa darubini, vipunguza mrusho na mikoba ambayo huwezi kuifunika kwa shati. Mwaka 1996 kina Bill Wilson na Ken Hackathorn, watu waliotoka humohumo IPSC, wakasema hii sasa si bastola ambayo mtu anatembea nayo. Wakaanzisha IDPA, chama cha kimataifa cha bastola za kujihami. Humo bastola inafunikwa na nguo, ukuta ukiwepo unajificha nyuma yake, na kituo kimoja, yaani zoezi moja la mashindano, hakizidi risasi 18. Kwa IPSC kituo kirefu kinafika risasi 32.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana ugomvi wenu umelala hapo.

IPSC karatasi ya shabaha ina maeneo matatu. Katikati ni alama 5. Kwa bastola ya nguvu ndogo (kipimo chake nakieleza chini), eneo linalofuata ni 3 na la nje kabisa ni 1. Kwa ile ya nguvu kubwa ni 4 na 2. Unajumlisha alama zako, unagawanya kwa sekunde ulizotumia. Risasi ikikosa karatasi unakatwa 10. IDPA hawagawanyi. Wanachukua muda wako na kuuongezea adhabu, sekunde moja kwa kila alama uliyopoteza. Katikati hupotezi kitu, eneo la pili unapoteza 1, la nje 3, na kukosa kabisa ni 5.

Chukua kituo cha karatasi sita, risasi mbili kila moja. Karatasi za pande hizi mbili hazifanani umbo, lakini tujifanye zinafanana. Shemeji yako anapita kwa sekunde 8: risasi 6 katikati, 5 eneo la pili, 1 ukingoni. Wewe unatumia sekunde 11 na zote 12 zinakaa katikati. Nyote mna bastola ya nguvu ndogo.

Kwa IPSC, shemeji ana 30 na 15 na 1, jumla 46. Gawanya kwa 8 upate 5.75. Wewe una 60, gawanya kwa 11, ni 5.45. Shemeji kashinda. Anachukua alama zote 60 za kituo, wewe unapata 56.9 hivi.

Kwa IDPA, shemeji kapoteza 5 na 3, yaani 8. Sekunde zake 8 zinakuwa 16. Wewe unabaki na 11 zako. Umemwacha kwa sekunde tano nzima! Na ujue kanuni hiyo iliongezwa makali mwaka 2017. Kabla ya hapo alama iliyopotea ilikuwa nusu sekunde, na shemeji angekuwa na 12 kwa 11 zako, karibu akushike shati.

Umeona? Watu walewale, risasi zilezile, washindi wawili tofauti. Mchezaji anafanyia mazoezi kile kinachohesabiwa. Wa IPSC anajifunza kwamba kuna mahali risasi ya eneo la pili inalipa kuliko kusubiri ya katikati, na kujua mahali hapo ni akili, wala si uzembe kama unavyomtuhumu. Wa IDPA anajifunza kwamba kila risasi iliyotoka katikati atailipia taslimu. Kama unataka mkono uliotulia, IDPA inakufundisha haraka zaidi. Kama unataka mtu afikiri mwenyewe, mimi nampeleka IPSC, kwa sababu pale anaambiwa karatasi ziko wapi na mipaka iko wapi, na njia anaitafuta mwenyewe. IDPA wana mpangilio wa kipi kipigwe kwanza, na zamani walikuwa na mabishano yasiyoisha na waamuzi, eti mguu ulitoka nyuma ya ukuta au haukutoka. Hilo nalo walilitibu mwaka 2017 kwa kuweka mistari chini, kitu ambacho IPSC walikuwa wanakitumia tangu zamani. Shemeji yako asisome sentensi hiyo.

Kuhusu "siku ya siku" nitakuwa mkali kidogo. Karatasi hairudishi risasi. Pande zote mbili mchezaji anajua kituo kabla ya kuanza, anasubiri king'ora kilie, na akimaliza kuna mtu wa kumhesabia. Huo ni mchezo. Ni mchezo mzuri, na anayeucheza anaishika silaha vizuri kuliko askari wa popote duniani anayeigusa siku ya ukaguzi tu. Lakini usimwambie mtu ataokoka kwa sababu ya kizibao, wala kwamba atakufa kwa sababu ya fulana.

Shikamoo Afande. Nimesikia kuna fundi wa Kisasa amekuandikia. Usimwamini. Swali langu fupi: kwa nini IDPA wanamkataza mtu kuangusha magazini, kile kisanduku cha risasi, ikiwa bado ina risasi? Si kupoteza muda huko?
*Shemeji mtu, Nkuhungu*

Marahaba. Nilikuwa nakusubiri.

Hawakukatazi kubadilisha magazini. Wanachokataa ni kuiacha chini ikiwa bado ina risasi. Unaitia mfukoni au kiunoni ndipo uendelee, na ukiiacha unaongezewa sekunde 3. Hoja yao ni kwamba mtu anayejihami hatupi risasi ambazo huenda akazihitaji dakika moja baadaye. IPSC hawajali. Dondosha unachotaka, muda ni wako. Ndiyo maana watu wako wanabadilisha magazini wakiwa wanakimbia kutoka pembe moja kwenda nyingine, hata ikiwa imebaki na nusu, ili wasikwame mbele ya karatasi.

Hapa kwetu ningeongeza hoja nyingine, vumbi. Dondosha magazini kwenye udongo wa Dodoma mwezi wa nane, upepo ukivuma kama unavyoujua, halafu uijaze na kuitumia tena bila kuipangusa. Punje za mchanga zinaingia, risasi hazipandi sawasawa, bastola inakwama. Nimewaona makuruta wakilaumu silaha wakati kosa lilikuwa brashi ya shilingi chache ambayo hawakuibeba.

Na mimi nikuulize. Kwenye hizo video zako umewahi kuona mchezaji anasimamishwa katikati ya kituo na kupelekwa nje? Mtazame mtutu wake. IPSC, mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka uelekeo wa shabaha, umeondolewa kwenye mashindano yote, hata kama hujapiga mtu wala kitu. Ukiangusha bastola yenye risasi, umekwenda. Kidole kikiwa kwenye kifyatulio wakati unabadilisha magazini au unatembea bila kulenga, unaondolewa hapohapo. Huko kwa Fundi ni vilevile, bastola ikianguka au mtutu ukivuka mpaka wa usalama, unafunga mzigo wako. Kwa hili Mvuvi na mwenzake hawakuwahi kutaniana hata siku moja.

Afande, za kazi. Nasoma fizikia hapa UDOM. Hiyo "nguvu kubwa" na "nguvu ndogo" wanaipimaje? Mwenzangu bwenini anasema ni nishati ya risasi.
*Mwanafunzi, Dodoma*

Mwenzako kakosea, mdai soda. Wanazidisha uzito wa risasi kwa mwendo wake, wanagawanya kwa 1,000. Mwendo hauzidishwi kwa wenyewe kama kwenye nishati, kwa hiyo kinachopimwa kinakaribia mrusho unaousikia mkononi. Uzito ni kwa greni na mwendo ni kwa futi kwa sekunde. Risasi ya milimita 9 yenye greni 124 ikienda futi 1,050 inatoa 130.2. Kiwango cha chini cha nguvu ndogo ni 125, imepita. Risasi nzito ya greni 180 ikienda futi 950 inatoa 171, na kwa kundi ambalo IPSC wanaliita Standard, nguvu kubwa inaanzia 170, kwa hiyo imeponea chupuchupu.

Risasi za mchezaji zinapimwa kwa mashine siku ya mashindano. Aliyejiandikisha nguvu kubwa akipungukiwa anashushwa ndogo. Akishindwa hata 125 anaruhusiwa kupiga, ila alama hahesabiwi. Hebu fikiria umesafiri nchi nzima halafu unacheza bure.

Afande, mume wangu ana bastola na leseni yake. Tangu aanze kuangalia hayo mashindano anataka kupanga makopo kwenye kichuguu shambani afanye mazoezi. Nimwambieje?
*Mama, Kondoa*

Mwambie Afande kasema hapana.

Kichuguu si ukuta wa renji. Risasi ya bastola ikidunda juu yake inaweza kusafiri mbali, na ikipigwa juu inapita kilomita moja bila shida, na huko mbele kuna mchungaji, kuna watoto wanaotafuta kuni, kuna ng'ombe wa watu. Kuwa na leseni ni jambo moja na kufyatua unapotaka ni jambo jingine. Silaha za raia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo akaulize polisi alikoandikishia ni wapi anaruhusiwa kupiga, kabla hawajaja wao kumuuliza.

Hamu ikimzidi, afanye mazoezi makavu. Risasi zote zifungiwe chumba kingine, wewe ndiye ushike ufunguo. Aikague bastola mara mbili mbele yako, asimame akielekea ukuta imara wa matofali, afanye taratibu: kuchomoa, kulenga, kubana bila kutikisa. Wachezaji wakubwa wa pande zote mbili wanafanya hivyo kwa saa nyingi kuliko wanavyopiga risasi za kweli. Na miguu haihitaji silaha kabisa. Mjukuu wangu ananipangia viti vya plastiki kati ya mistari ya zabibu, nami napita nikiwa nimeshika kijiti cha muarobaini. Majirani wameshazoea.

Shikamoo Afande. Binti yangu yuko kidato cha sita, anauliza kama wanawake wanacheza hii michezo na kama ipo Olimpiki.
*Baba, Manyoni*

Marahaba. Wanacheza, na kwenye kituo wanapiga karatasi zilezile, umbali uleule. Kule Marekani kuna daraja linaloitwa Grand Master katika chama cha USPSA, tawi lao la IPSC, na mwanamke wa kwanza kulifikia ni Jessie Duff.

Olimpiki haimo, si ya kukimbia wala ya kujibanza. Bastola zilizoko Olimpiki ni za kusimama mahali pamoja: bastola ya upepo mita 10, na zile za mita 25. Kama binti ana subira, mita 10 ni pazuri pa kuanzia. Ila amalize mtihani wake kwanza, na barua ijayo aniandikie mwenyewe.