Maswali yenu kuhusu programu huria: steshenari, maabara, viwanja na vikoba

Maswali ya safari hii yametoka Makole, Kongwa, Manyoni na kwingineko. Tumeyafupisha. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana wengi wenu mnatumia programu hizi huria, yaani zinazoruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa, kwa Kiingereza.

Nina steshenari Makole. Niliacha Office ya kraki nikaweka LibreOffice, lakini barua za wateja zikifunguka majedwali yanahama, ukurasa mmoja unakuwa miwili. Nirudi nilikotoka?

Usirudi. Kraki, yaani programu iliyovunjwa kufuli la leseni, ni mlango wa virusi, na kwa biashara yako virusi vikishaingia vinaondoka na flashi za wateja.

Kasoro unayoiona mara nyingi ni ya fonti. Barua imeandikwa kwa Calibri au Cambria, kompyuta yako haina fonti hizo, LibreOffice inachukua nyingine yenye herufi pana zaidi, mistari inaongezeka na jedwali linasukumwa chini. Weka Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria. Upana wa herufi zake umelinganishwa na zile za awali, hivyo mistari hukatika palepale. Kwenye Linux Mint au Ubuntu (mifumo huria inayochukua nafasi ya Windows) amri ni `sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`. Aptos, ambayo Microsoft ilianza kuifanya fonti yake ya kawaida mwaka 2023, haimo kwenye ulinganisho huo. Mteja mwenye faili la Aptos mwombe alete PDF.

Kagua na karatasi. Programu ikiwa na mipangilio ya Marekani, kurasa mpya hufunguka kwa saizi ya Letter, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa karibu milimita 18 na pana zaidi kwa milimita 6. Hapo ndipo printa inapokata pembeni na kila mtu anailaumu printa. Ingia «Tools», kisha «Options», tafuta sehemu ya lugha, na kwenye «Locale» chagua Kiswahili cha Tanzania.

Kazi ambayo mteja ataifuata tena ihifadhi kwa ODT (muundo wa LibreOffice wenyewe), yeye umpe nakala ya DOCX (muundo wa Word). Faili moja likirushwa kati ya programu mbili mara nyingi, namba za vipengele ndizo huanza kuvurugika.

Naruhusiwa kumtoza mtu fedha kwa kumwekea LibreOffice au Linux?

Ndiyo. Unatoza kazi yako, flashi yako na bando lako. Usichoweza ni kumzuia aliyenunua asimgawie jirani yake.

Shule yetu ya sekondari Kongwa ina kompyuta 12 na intaneti haipo. Tufanyeje ili maabara isiwe chumba cha kuchapia mitihani tu?

Chukueni mashine moja iwe seva, muweke Kolibri na Kiwix. Kolibri ni ya masomo yenye video na mazoezi. Kiwix hufungua maktaba zilizofungwa kwenye faili moja la ZIM, kama Wikipedia nzima. Zote hufanya kazi bila intaneti baada ya kupakuliwa.

Upakuaji ufanyike mjini, penye mtandao wa maana. Weka Kolibri kwenye laptopu, chagua chaneli, kisha tumia «Export» kuzihamishia kwenye diski ya nje. Ukifika shuleni, kwenye seva unachagua «Import» kutoka kwenye diski hiyo. Khan Academy ipo ya Kiswahili, lakini kwa kidato cha kwanza na kuendelea chukueni ile ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani. Ongezeni PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder: majaribio ya fizikia na kemia ya kwenye skrini. Shule yenye amita mbili kwa darasa zima itaona faida yake haraka.

Sasa penye kukwamisha. Mtanakili faili la ZIM la GB 10 kwenye flashi na kompyuta itasema faili ni kubwa mno, wakati flashi ni ya GB 64 na ni tupu. Sababu ni kwamba flashi imefomatiwa kwa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika GB 4. Fomati upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo.

Kompyuta za wanafunzi ziungeni kwa waya kwenye swichi ya milango 16. Rauta ya nyumbani huelemewa darasa likifungua video kwa pamoja kupitia waifai. Iachieni simu chache za walimu. Kwenye rauta hiyo ipeni seva anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.0.10, na wanafunzi wataandika `192.168.0.10:8080` kwenye kivinjari. Mkiruka hatua hii, siku umeme ukikatika na kurudi anwani inaweza kubadilika, na mtaambiwa programu imekufa. Seva ikiwa ya Windows, ruhusuni mlango 8080 kwenye ukuta wa usalama (firewall), la sivyo Kolibri itafunguka kwenye seva yenyewe tu.

Kwa seva tunapendelea laptopu ya zamani ambayo betri yake bado inashika hata nusu saa, kuliko kompyuta ya mezani mpya. Kuzimika ghafla ndiko huharibu hifadhidata, na betri inampa mwalimu muda wa kuizima vizuri.

Nachora ramani ya viwanja kwa QGIS, programu huria ya ramani. Pointi nilizochukua kwa GPS ya mkononi zinaangukia mita kama 300 mbali na bikoni za ramani ya upimaji. GPS ni mbovu?

GPS yako ni nzima. Ramani nyingi za upimaji nchini zimechorwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, GPS inatoa WGS 84, na tofauti ya mifumo hiyo hapa kwetu ni karibu mita 300 kaskazini-kusini na mita zisizofika 100 mashariki-magharibi. Ukiona pengo la ukubwa huo, acha kuhangaika na kifaa.

Mkoa wa Dodoma una mtego wa pili. Longitudo ya nyuzi 36 mashariki, ambayo ni mpaka wa kanda za UTM (gridi inayotaja mahali kwa mita), inapita katikati ya mkoa. Jiji la Dodoma, Bahi na Kondoa viko kanda ya 36. Kongwa na Mpwapwa viko kanda ya 37. Misimbo ya kuandika QGIS ni hii: kwa Arc 1960, EPSG:21036 na EPSG:21037, kwa WGS 84, EPSG:32736 na EPSG:32737. Ukipewa orodha ya namba bila maelezo, tazama namba ya mashariki. Jijini Dodoma huwa karibu 804,000, Kongwa mjini karibu 215,000. Ukikosea kanda, kiwanja kinahama zaidi ya kilomita 600. Ukichagua kanda ya kaskazini badala ya kusini, yaani 32636, kinapelekwa kwenye barafu jirani na Ncha ya Kaskazini, na hilo angalau utaligundua mapema.

Kurekebisha kwenyewe kunawachanganya wengi. «Set Layer CRS» haihamishi kitu. Inabadilisha lebo tu, na lebo ya uongo ndiyo inayozaa zile mita 300. Kwanza ipe kila tabaka lebo yake ya kweli: bikoni Arc 1960, GPS WGS 84. Kisha kwa «Reproject Layer» tengeneza nakala ya moja kwenye mfumo wa nyingine. Ukileta CSV (jedwali la maandishi matupu), safu ya mashariki iwe X na ya kaskazini iwe Y.

Hata baada ya hayo, GPS ya mkononi ina kosa la mita 3 hadi 5. Yafaa kwa kuonyesha kiwanja kiko wapi, haifai kusimamisha bikoni. Mgogoro wa mpaka mpelekee mpima aliyesajiliwa.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na Windows 10. Nasikia imeachwa. Niko Manyoni, fundi yuko mbali.

Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Linux Mint toleo la Xfce, lililo jepesi, itaenda kwenye mashine yako. Faili ni karibu GB 3. Pakua usiku kwa torenti, maana mtandao ukikatika inaendelea pale ilipoishia. Kabla ya kulichoma kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia kompyuta), fungua Command Prompt, andika `certutil -hashfile` likifuatiwa na jina la faili na neno `SHA256`, ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya Mint. Faili lililopungua hata kidogo huleta makosa ya ajabu katikati ya usakinishaji.

Hamisha kazi zako kwanza. Halafu washa kwa flashi bila kusakinisha, ujaribu waifai, sauti na printa. Waifai ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushirikisha intaneti, kisha ufungue «Driver Manager». Ukitaka kubaki na Windows pembeni, zima «Fast Startup» yake, la sivyo diski yake itasomeka upande wa Mint bila kuandikika. Kama unategemea programu ya uhasibu ya Windows tu, kama Tally, baki na zote mbili.

Kikoba chetu kina watu 25. GnuCash au Calc?

Calc, jedwali la hesabu la LibreOffice. GnuCash ni programu ya uhasibu na inataka mtu anayejua debiti na krediti, inafaa zaidi ushirika wenye ghala na mikopo ya benki. Mpe kila mwanachama namba na ujumlishe kwa namba, si kwa jina: «Mwajuma» lenye nafasi iliyojificha mwishoni huhesabiwa kama mtu mwingine na akiba yake inapungua kwenye jumla. Kanuni ni `=SUMIF(B2:B500;7;D2:D500)` kwa mwanachama namba 7, safu B ikiwa na namba za wanachama na D fedha zao; Calc ikikataa nukta mkato, weka mkato. Kila kikao chapisheni ukurasa, mweka hazina na katibu wasaini, na nakala ya faili ikae kwenye flashi mbili za watu wawili wasiokaa nyumba moja.