Samaki asiye na taya: mwalimu, anzia Dunga

Ile picha ya samaki mwenye macho mbele kama taa za matatu, iliyovuma mitandaoni mwaka 2022, ni ya sanamu iliyo kwenye jumba la makumbusho Helsinki. Samaki mwenyewe ni Sacabambaspis wa familia ya Arandaspididae, aliyeishi baharini zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita. Visukuku vyake vilitoka Bolivia. Nduguye Arandaspis alifukuliwa katikati ya Australia, akapewa jina mwaka 1977.

Ukitaka kumfundisha, achana na mchoro ubaoni kwanza. Pitia Dunga, ufuko wa wavuvi hapa Kisumu, asubuhi ununue kichwa cha mbuta (sangara). Kipanue kinywa, kila mtoto apapase taya na yale meno yanayokwaruza. Kisha anzeni kuondoa. Ondoa taya. Ondoa mapezi ya kifuani na ya tumboni. Kichwa kivishe ngao ya mfupa, mwili uufunike kwa magamba membamba marefu, mkia uache. Urefu wa sentimita 25 hivi, kama ngege wa kukaanga. Hapo ndipo mchoro unapofaa.

Lazima mmoja aulize: sasa alikula vipi? Mwambie hakutafuna. Kwenye mdomo wa chini alikuwa na safu za vibamba vidogo vya mfupa, na inadhaniwa alifyonza vitu vidogo vya sakafuni mwa bahari. Kuogelea nako alitegemea mkia tu, kwa hiyo usimchore akikata kona kali.

Wenzangu wengi hukimbilia kamongo, yule samaki mwenye mapafu, kwa kuwa ni wa ukoo wa kale. Mimi simtumii kwa somo hili. Kamongo ana taya, tena za kuponda konokono. Muulize mvuvi aliyewahi kuumwa.

Wazazi nao watataka uwapeleke watoto kuchimba visukuku. Huku hutampata huyu. Kisiwa cha Rusinga, alikopata mtafiti Mary Leakey fuvu la Proconsul, nyani wa kale, mwaka 1948, kina visukuku vya miaka milioni 18 hivi, vichanga mno. Miamba mikongwe ya Nyanza nayo imepita miaka bilioni 2, kabla ya samaki yeyote. Isitoshe, sheria ya mwaka 2006 inakataza kuchimba visukuku bila leseni. Afadhali Makumbusho ya Kisumu, kwenye matangi ya samaki, waone taya zikifanya kazi.

Kichwa cha mbuta hakikosi mlaji, lakini omba urudishiwe taya. Ichemshe, ikwangue nyama, ianike juani mbali na paka. Muhula ujao hutanunua kingine.