Windows 7 haioni SSD yangu mpya: je, diski ni mbovu?

SWALI: Nimenunua SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya NVMe, yaani aina ya kasi, na ninataka kusakinisha Windows 7, kwa kuwa programu ninayoitegemea kazini haikubali matoleo mapya. BIOS (programu ya bodi inayowasha kompyuta) inaiona diski, lakini usakinishaji ukifika kwenye hatua ya kuchagua diski, orodha ni tupu. Katika BIOS nimebadilisha namna ya kuendesha diski kutoka AHCI kuwa IDE bila mafanikio. Sasa rafiki ananishauri nipakue ISO (faili moja lenye usakinishaji mzima) iliyokwisha kutiwa draiva zote, yaani programu zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa. Je, nirudishe diski?

JIBU: Usiirudishe. Diski inayosomwa na BIOS kwa jina lake na ukubwa wake kamili haina dalili yoyote ya ubovu. Kinachokosekana ni draiva: Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na toleo la kwanza la NVMe, kanuni za mawasiliano kati ya SSD na kompyuta, lilichapishwa mwaka 2011, kwa hiyo mfumo huo haukuwa na namna ya kuzungumza na kifaa ambacho hakijakuwapo.

Hilo la AHCI na IDE nakutana nalo karibu kila wiki, na linanisikitisha kwa sababu linarudiwa kama dawa ya kila ugonjwa. Mpangilio huo unahusu milango ya SATA (ile ya diski za kawaida) peke yake, ilhali diski ya NVMe hupitia PCI Express (njia ya kasi inayotumiwa pia na kadi za bodi) na haigusi kidhibiti cha SATA hata kidogo. Ungeweza kuubadilisha mara mia na orodha ikabaki tupu. Tena una madhara, kwani kama kompyuta ina diski nyingine ya SATA yenye mfumo uliosakinishwa chini ya AHCI, mfumo huo huenda ukakataa kuwaka na kukuonyesha skrini ya buluu. Watu hupotoshwa na umbo: SSD ya M.2 (umbo jembamba linalochomekwa moja kwa moja kwenye bodi) inaweza kuwa ya SATA au ya NVMe, na zote mbili hufanana na kipande cha chingamu. Ya SATA kwa kawaida ina pengo mbili kwenye meno yake ya shaba, ya NVMe mara nyingi ina moja. Ile ya SATA ingeonekana na Windows 7 bila shida.

Njia sahihi ni kuchukua ISO halisi na kuitia draiva wewe mwenyewe kwa kutumia DISM (zana ya Windows ya kuhariri faili za usakinishaji), ama draiva ya Windows 7 iliyotolewa na mtengenezaji wa diski, ama rekebisho la Microsoft lenye namba KB2990941. Hapa wengi hukosea: draiva lazima iingie katika boot.wim, ambayo huendesha usakinishaji, na pia katika install.wim, ambayo ndiyo mfumo wenyewe. Ukiitia katika boot.wim pekee, diski itaonekana na mafaili yatanakiliwa vizuri, kisha kompyuta itakapojiwasha upya unaweza kupata kosa 0x0000007B, yaani mfumo haukuifikia diski ya kuwakia. Tia pia draiva za USB 3.0 kwa utaratibu huohuo, la sivyo kibodi na kipanya vinaweza kuganda mara tu dirisha la kwanza linapofunguka. Katika BIOS, zima Secure Boot (ulinzi unaozuia mifumo isiyoidhinishwa kuwaka) na uwashe CSM (hali inayoruhusu mifumo ya zamani kuwaka). Kama bodi yako haina CSM, sakinisha mfumo mpya kwenye diski na uiendeshe Windows 7 ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu.

Kuhusu ISO ya rafiki yako, nakusihi uachane nayo. Aliyefungua install.wim ili kutia draiva angeweza kutia kitu kingine chochote, na kitu hicho kitaanza kazi kikiwa na mamlaka yote ya mfumo kabla hujasakinisha hata programu moja ya ulinzi. Huwezi hata kulinganisha alama ya SHA (msimbo unaokokotolewa kutokana na yaliyomo) ya faili hilo na ile ya ISO asilia, kwa sababu faili lililobadilishwa lazima litoe alama tofauti. Nimewahi kukabidhiwa kompyuta iliyosakinishwa hivyo, ambamo palikuwa na akaunti ya msimamizi ambayo mwenye kompyuta hakuwa na habari nayo, huku huduma ya masasisho ikiwa imezimwa. Kumbuka kwamba Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 7 kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Januari 2020, hivyo matundu yake ya usalama tayari ni mengi. Kama tayari umeshaitumia ISO ya namna hiyo, futa sehemu zote za diski, anza upya kwa ISO halisi, na ubadilishe nywila zote ulizowahi kuandika kwenye kompyuta hiyo.